Siku Niliyotakiwa Kuonja Muratina

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko Gitothua, hapa Ruiru, na nimepima viuno vya watu wengi kiasi kwamba mteja akiingia mlangoni ninaweza kumtajia kipimo chake kabla hajaketi. Kwa hiyo haya ninayosimulia ni ya aibu kidogo. Gauni la ruracio yangu, siku ya watu wa upande wa bwana kuja kwetu kuleta mahari, nililishona mwenyewe, nikajipima mwenyewe, likanikaa sawasawa. Baada ya wiki kadhaa nikalijaribu tena, zipu ikakataa kupanda. Nikalaumu zipu. Nikaing'oa, nikatia nyingine. Nayo ikakataa. Nikalaumu chapati za mama mkwe. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za watoto wake akanitazama nikihangaika, akacheka mpaka akashika meza.

"Fundi," akasema, "hiyo si zipu."

Nikamwambia achukue sare zake aende, na awaambie watoto waache kupanda ua. Lakini alipoondoka tu nilifunga kibanda, nikaenda duka la dawa kununua kipimo. Mistari miwili. Nikanunua kingine, maana kuna vitu vingi feki siku hizi. Mistari miwili.

"Haiwezekani," nilimwambia mwenzangu, huyo huyo bwana wa ruracio, aliporudi kutoka kazini. "Mimi humeza tembe za kupanga uzazi kila siku saa kumi na mbili jioni. Nina alamu kwenye simu. Sijaruka hata siku moja, sikia, hata moja!"

Yeye alikuwa ameshaanza kutabasamu kijinga, yale matabasamu ya mwanamume ambaye hajaambiwa shida yoyote bado. Nilimtupia mto.

Kesho yake nikaenda kliniki, nikiwa na hasira, kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani. Nesi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya mtu anayeongoza kwaya. Alinisikiliza nikilalamika kuhusu tembe zao mpaka nikachoka mwenyewe.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Sasa niambie, msichana wangu. Kuna siku uliharisha? Kuna siku ulitapika?"

Nikafungua mdomo kusema hakuna, kisha nikaufunga. Nilikumbuka ile Jumapili tuliyomuaga fundi mwenzangu aliyekuwa akihamia Mwihoko kufungua duka lake. Tulianza saa sita mchana. Kulikuwa na nyama ya kuchoma, kachumbari, na ile pombe tamu ya matunda, maana bia mimi siipendi, ni chungu. Ile tamu basi huteremka tu, unadhani unakunywa juisi. Saa kumi na mbili alamu ikalia. Nikatoa tembe kwenye mkoba, nikaimeza mbele ya watu wote, na, Mungu anisamehe, nikaishushia na pombe iliyokuwa imebaki chupani. Haikupita saa moja nilikuwa chooni nikirudisha kila kitu nilichokula tangu asubuhi.

Na unajua nilijivunia? Wiki nzima niliwasimulia wateja: mimi hata nikilewa tembe yangu sisahau. Niliisimulia kama ushindi.

Nesi alicheka kwanza, akafuta macho, ndipo akanieleza. Pombe yenyewe haiui nguvu ya tembe. Lakini mtu akitapika kabla ya saa mbili au tatu kupita, tembe nayo imetoka, na inahesabiwa hakuimeza. Ningepaswa kumeza nyingine. "Uliipa choo," akasema. "Choo hakitapata mimba."

Nikacheka naye. Nilikuwa nimeanza kumpenda. Kisha akachukua kalamu, akauliza kama anayeuliza habari ya hali ya hewa, "Na tangu hiyo Jumapili, umekunywa tena?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

Mimi ni mtu wa maneno mengi, ukimuuliza mwenzangu atakwambia. Hapo nilitumia vidole. Nilihesabu Jumamosi zilizopita, chupa mbili hapa, tatu pale, na siku ya kuzaliwa ya jirani. Nikazitaja zote. Hakunigombeza, akaandika tu. Akaniambia mtoto tumboni hana kikombe chake, anachokunywa mama kinafika kwake, na ini lake bado halijui kazi. Kuna wanaozaliwa na uzito mdogo, wengine wana uso mdogo na macho madogo, mdomo wa juu mwembamba, na kijia cha chini ya pua hakionekani, wengine uso hauonyeshi chochote mpaka waingie shule ndipo masomo yanakataa kukaa kichwani. Kuna wengi ambao hawapati lolote. Hakuna anayeweza kusema mapema ni nani.

"Basi glasi moja ni sawa?" nikauliza. "Kijiko kimoja?"

"Hakuna kipimo tunachojua ni salama, kwa hiyo sitakutajia kipimo. Za nyuma hatuwezi kuzirudisha. Za kuanzia leo tunaweza. Acha kabisa, ule vizuri, uje kliniki kila unapoitwa."

Niliacha siku hiyo hiyo. Lakini kuna neno lake lililonifuata mpaka nyumbani. Aliposema uso mdogo na macho madogo, nilimwona kaka yangu.

Kaka yangu ndiye kifungua mimba, mimi nilimfuata baada ya miaka saba. Anaishi na wazazi wetu Landless, kule Thika, ambako tulizaliwa sote. Ni mtu mzima, ndevu zimeanza kuwa na mvi, lakini saa ya ukutani hajawahi kuisoma, na shule aliiacha darasa la tatu baada ya kulirudia mara nne. Ana uso mdogo, macho madogo, na kicheko ambacho mtaa mzima unakijua. Anafuga kuku. Kila kuku ana jina, na ukimchinja mmoja bila kumwambia, hatakusemesha kwa siku mbili. Nikiwa mdogo alinibeba mgongoni kwenda shule ile ambayo yeye mwenyewe hakuiweza. Ninampenda mno. Kwetu hakuna aliyewahi kusema kwa nini yuko hivyo. Ni Mungu, basi. Na wazo lile nililifukuza upesi, kwa sababu mama yetu ni wa kundi la maombi, na sikuwahi kumwona akinusa hata kizibo cha pombe.

Hofu yangu ikabaki kwa wangu wa tumboni. Na mbele yangu kulikuwa na pembe.

Kwetu ruracio haianzi mpaka msichana aulizwe. Watu wa upande wa bwana huja na muratina, pombe ya asali, iliyopikwa na mzee wao. Inamiminwa kwenye pembe ya ng'ombe, msichana anaitwa katikati ya watu, na baba yake anamuuliza: pombe ya watu hawa niinywe au nisiinywe? Msichana akikubali ndoa, anaonja yeye kwanza, kisha anampa baba yake. Asipoonja, wageni wanarudi kwao na mbuzi wao. Mama alikuwa amejaribu kuleta maneno ya soda, kwa ajili ya watu wa kanisa. Wazee wakamkubalia soda kwenye meza zote, lakini pembe ya kumuulizia msichana, wakasema, haitiwi soda.

"Ni tone moja tu," mwenzangu akaniambia. "Unaonja, imeisha."

"Wewe una tumbo la nini?" nikamjibu. "Basi onja wewe uninyonyeshee!"

Aliomba msamaha, na toka siku hiyo hakugusa bia mbele yangu, nikamsamehe. Lakini hakuwa na la kufanya. Baba yake ndiye alikuwa ameipika muratina hiyo kwao Mwihoko, kwenye pipa alilolifunika blanketi mbili kama mgonjwa, na akakataza watu kupiga kelele karibu nalo. Ningemwambiaje mzee wa watu kwamba sitaionja? Na nikisema nina mimba, shangazi zangu wangeanza kuhesabu miezi kwa vidole hapo hapo hemani. Lakini si aibu ya kuhesabiwa miezi iliyonifunga mdomo. Ningesema nina mimba, mama angeniuliza kama ninajitunza, na mimi simdanganyi mama. Ningelazimika kumwambia nilichokunywa.

Nikaamua nitafunga midomo. Ninaiinua pembe, nainamisha, nafanya kama nimemeza, nampa baba. Nilifanya mazoezi kibandani kwa kikombe cha maji. Nilijimwagia mara tatu.

Siku ikafika. Gauni nilikuwa nimelifungua pembeni, nikaongeza kitambaa, ukiangalia huwezi kujua. Hema ilijaa. Kaka yangu alikuwa amevaa shati jipya, akiwaonyesha wageni kuku wake mmoja mmoja. Nikaitwa. Baba mkwe akamimina mwenyewe, akanipa pembe kwa mikono miwili bila kunitazama usoni. Baba yangu akasimama. Ni mtu mfupi, mkimya, alifanya kazi kiwandani Thika mpaka akastaafu, na huniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Maitu," akasema, "watu hawa unawajua?"

"Ninawajua."

"Pombe yao niinywe au nisiinywe?"

"Inywe, baba."

Nikainua pembe, midomo nimeikaza kama mfuko uliofungwa. Lakini pembe ilikuwa nzito kuliko kikombe changu cha mazoezi, pombe kidogo ikapita midomoni. Nikawaza: basi, nimemnywesha. Kisha ulimi ukaniambia jambo lingine. Ilikuwa tamu. Ilikuwa asali, na maji, na ndimu kidogo. Hakukuwa na pombe humo hata ya kumlevya nzi.

Nilimtazama baba mkwe. Yeye akatazama paa la hema kana kwamba anakagua mshono. Nikampa baba pembe, akainywa yote polepole, akafuta mdomo, vigelegele vikapigwa, mama zangu wakaanza kucheza. Pipa la kweli likafunguliwa kwa ajili ya wazee, na hilo, niliambiwa, lilikuwa kali ajabu.

Alasiri, wageni walipokuwa wakijiandaa kuondoka, nilimfuata baba mkwe kando ya gari akifunga mitungi yake.

"Baba, ile ya pembe ilikuwa nini?"

"Ilikuwa asali ya kwangu," akasema. "Kwani ilikuwa mbaya?"

"Nani alikwambia?"

Alifunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. "Baba yako alikuja Mwihoko Jumanne. Alikataa hata chai mpaka nimkubalie. Wazee wengine wasijue, akasema. Na hata wewe nisikwambie, lakini wewe umeuliza."

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na banda la kuku, peke yake, kelele zote ameziacha mbele. Nikasimama. Sikujua nianze wapi, kwa hiyo nikaanza kwa ukali, ndivyo nilivyo.

"Umejuaje?"

"Unasimama mkono kiunoni," akasema. "Mama yako alisimama hivyo hivyo alipokuwa na kaka yako."

Nikakaa chini kwenye nyasi na gauni langu la kazi ya wiki mbili. Kisha akanieleza, akitazama kuku, si mimi. Mama alipobeba mimba ya kwanza, kliniki walimwambia hana damu ya kutosha. Wakampa tembe, wakamwambia ale mboga. Lakini majirani hapo Landless walikuwa na dawa yao: ile bia nyeusi, chupa moja kila jioni, ukipasulia yai bichi ndani. Inajenga damu, walisema, si unaona rangi yake? Mama hakuitaka. Aliziba pua akainywa kwa sababu baba ndiye aliyeileta. Alikuwa kijana, ana mke mzuri, ana mshahara wake wa kwanza, na kila jioni alitoka kiwandani akapitia dukani. Mwezi wa tatu mpaka wa tisa.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nikilipasua yai," akasema.

"Hukujua, baba."

"Sikujua. Siku moja mama yako akampeleka kaka yako kwa daktari kwa ajili ya yale mambo ya shule, nikaenda nao. Daktari akamuuliza mama yako kama alikunywa pombe akiwa na mimba. Mama yako akanitazama mimi. Daktari akasema pengine ni hiyo, pengine siyo, hawezi kuapa. Tulirudi nyumbani. Toka siku hiyo mimi sijaweka pombe mdomoni, na yeye akaingia maombi. Hatujawahi kuizungumzia."

Nililia. Nililia kwa ajili yake, nikalia kwa ajili yangu, kisha nikamwambia nilichokuwa sijamwambia mtu wa kwetu. Zile Jumamosi. Siku ya kuzaliwa ya jirani. Tembe niliyoipa choo. Wiki sita, baba, wiki sita nilikuwa nikinywa naye yumo ndani.

Hakushtuka. Aliniwekea mkono kichwani, mkono mzito, juu ya nywele zilizosukwa kwa saa nne.

"Ulipojua, uliacha lini?"

"Siku hiyo hiyo."

"Mimi nilipojua," baba akasema, "mtoto alikuwa na miaka kumi na mitatu."

Binti yangu alizaliwa mwaka jana, siku ya mvua, baada ya uchungu wa siku nzima ambamo nilimtukana kila mtu aliyekuwa karibu, hata nesi wangu wa sauti ya kwaya. Alilia vizuri. Uzito ulikuwa mzuri. Wakaniwekea kifuani, na kabla sijahesabu vidole, kabla sijamshukuru Mungu, nilimtazama macho, na mdomo wa juu, na kile kijia kati ya pua na mdomo. Nesi aliniona. Akaniambia anaonekana vizuri, lakini kuna mambo ya kutazama akikua, tutayatazama pamoja, nisije nikaacha kliniki. Sijaacha.

Alipotimiza mwezi nikampeleka Landless. Mama alikuwa jikoni akipika njahi, yale maharagwe meusi, maana kwetu mzazi halishwi kingine. Kaka yangu alikuwa amekaa kwenye kiti akila ndizi, amenawa mikono mara mbili kwa sababu nilimwambia. Baba akampokea mtoto, akamsogeza dirishani kwenye mwanga. Akamtazama kwa muda mrefu. Nilijua anachotazama. Alitazama mahali pale pale nilipotazama mimi.

"Huyu ni mzima," akasema hatimaye.

"Na mimi je?" kaka yangu akauliza.

Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza kama kuna chai imebaki. Lakini kijiko cha mama kilisimama jikoni. Baba akanirudishia mtoto. Kaka alipewa jina la babu yetu, kwa hiyo baba humwita baba.

"Wewe pia, baba," akasema. "Njoo twende nje kidogo."

Nikawaona kupitia dirishani, wamekaa kwenye ngazi. Baba aliongea, yeye ambaye haongei. Kaka alimaliza ndizi, akashika ganda mkononi kwa adabu mpaka baba alipomaliza, kisha akampigapiga goti. Baba akabaki huko nje. Kaka akarudi ndani, akatafuta pa kutupa ganda.

"Mmeongea nini?" nikamuuliza.

"Baba ameniomba msamaha."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia sawa." Akakaa, akafikiri. "Kwani alifanya nini?"

Nilitazama mlango wa jikoni. Mama hakutoka, lakini nilijua anasikia. Ningeweza kusema "si kitu". Nilichoka na hiyo "si kitu" ya nyumba yetu.

"Kabla hujazaliwa," nikamwambia, "mama hakuwa na damu ya kutosha. Baba akawa anamletea bia nyeusi, alidhani itawasaidia, mama na wewe. Kumbe haifai kwa mtoto wa tumboni. Labda ndiyo maana shule ilikuwa ngumu kwako. Labda. Hakuna anayejua kabisa."

Alifikiri. Yeye akifikiri, uso wote hufanya kazi, na huwezi kumharakisha.

"Alileta mara ngapi?"

"Kila jioni."

"Hata mvua ikinyesha?"

Mama ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, mara yangu ya kwanza kumsikia akiigusa habari hiyo.

"Hata mvua ikinyesha," akasema.

"Basi alikuwa anatupenda sana," kaka yangu akasema, akanyoosha mikono nimpe mtoto.